Sukari Chini ya Kitanda cha Mhariri

Nilipiga simu redioni nikamshtaki mama yangu mzazi, hewani, saa ambayo watu wengi wanasikiliza, kwa sauti ya mzee niliyemtunga mwenyewe. Nalisema hili juu kabisa ili msomaji asije akanipenda kwanza halafu akajuta. Mzee wangu nilimpa jina la Kitoko, mkazi wa mtaa wa Jabe, mwenye kikohozi. Kile kikohozi nilikuwa nakionea fahari, nilikifanyia mazoezi chooni shuleni asubuhi nzima mpaka wenzangu wakaanza kuniuliza kama nimeenda hospitali. Mama alikuwa mhariri mtendaji wa redio hiyo hiyo. Yaani yeye ndiye anayeamua habari gani isomwe, ipi isubiri, nani aende wapi na pikipiki ya ofisi, nani arudi akaulize upya kwa sababu hakuuliza vizuri. Mwandishi analeta habari, mhariri mtendaji anaishuku. Hiyo ndiyo kazi, wallahi, mtu analipwa mshahara kwa kushuku. Na mimi mtoto wake nikaona nimsaidie, nimshuku yeye, bure.

Ningenyamaza tu, maana mtu wa miaka kumi na saba akianza kusema "nakumbuka ule mwaka" watu humuuliza kama amepata wajukuu. Lakini Jumamosi iliyopita Bosco, fundi mitambo wa redio, alioa huko Gihosha, na watu wote wa chumba cha habari wa mwaka ule wakakutana kwenye ua mmoja, hata waliohamia redio nyingine. Mshereheshaji alikuwa Désiré, ambaye zamani alikuwa mwandishi chini ya mama na sasa anafanya kazi kwingine. Aliponiona akaacha mikrofoni, akachukua soda kwenye kreti, akaja kuninong'oneza: "Kunywa, Rama. Iko na sukari, na sijui nani aliilalia." Akacheka mpaka tai ikahamia begani. Halafu akaniambia jambo moja la siku ile ya simu, jambo ambalo mama hakuwahi kunigusia hata kidogo, na usiku huo sikulala vizuri. Nitalisema likifika zamu yake.

Redio ilikuwa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia fulani yenye watoto wengi. Studio ilikuwa chumba cha kulala, kuta zimebandikwa trei za mayai. Bafuni ndimo walimokata na kuunga sauti, kompyuta ikiwa juu ya ubao uliolazwa kwenye beseni la kuogea, na anayefanya kazi humo alikaa ukingoni miguu ikining'inia ndani kama anayesubiri maji. Sebule ndiyo ilikuwa chumba cha habari, meza yake ni meza ya kulia chakula, na mama akapewa jiko. Moto haukuwepo tena lakini sinki lilibaki, kavu, bomba limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Humo mama aliweka kila habari ambayo hajaikubali. Akisoma karatasi yako, akikuuliza swali moja ukakwama, karatasi inaenda kwenye sinki. Haitupwi, inakaa humo mpaka ulete mtu wa pili anayesema jambo lile lile, na sharti lake lilikuwa moja: huyo wa pili asiwe anakula sahani moja na wa kwanza. Waandishi walilichukia lile sinki kwa moyo wote. Nilikuwa nawasikia uani wakiambiana kwa sauti ya msiba, "Yangu imezama," na mwenzake anampa pole.

Mimi nilishinda pale kila mchana baada ya shule, kwa sababu mwaka ule mafuta yalikuwa shida, mabasi yalikuwa machache, na mama alitaka turudi nyumbani Bwiza kwa miguu pamoja, nadhani ili ajue nilipo. Waandishi walikula pamoja kwenye ile meza ya habari, bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, na mboga za lengalenga, karatasi zimesogezwa pembeni. Nilipoingia mazungumzo yalibadilika. Mtoto wa mhariri mezani ni kama mikrofoni iliyosahauliwa wazi, kila mtu ghafla anaongea vizuri kuhusu mhariri. Désiré peke yake hakujali. Familia yake ilitoka Uvira, alikuwa mrefu na mwenye haraka, na alinipenda kwa sababu mimi tu ndiye niliyecheka vichekesho vyake. Siku moja alitoka jikoni kwa mama mikono mitupu, akaja kukaa nami kwenye ngazi, akaanza kumenya karanga kwa hasira.

"Mama yako amezamisha sukari yangu," akasema.

Ule mwaka sukari ilikuwa imetoweka madukani. Ikija, inakuja kwa siri, inapitia chini ya meza kwa watu wanaojulikana, na wengine wote tunasikia harufu tu. Désiré alikuwa amempata mbebaji mmoja anayesema alibeba magunia alfajiri akayaingiza kwenye stoo ya Mzee Sudi, mwenye duka Jabe.

"Kwa nini ameizamisha?"

"Eti mubebaji ni moja, na anatumikia mufanyabiashara mwenye anashindana na Sudi. Anataka mutu wa pili." Akatupa maganda. "Uyu Sudi, mi nasikia anakuja kwenu."

"Anakuja Ijumaa, kusalimia."

"Anakuja na nini?"

"Na fimbo."

"Kando ya fimbo?"

"Na kofia."

"We cheka tu," akasema Désiré, na yeye mwenyewe hakucheka, ndipo nikaogopa. "Mi naona iko kitu."

Tangu siku ile nikaanza kumwangalia mama kama mtu aliyepanga chumba kwetu. Na ukimwangalia mtu namna hiyo, anakupa vitu. Kwanza, chumba chake cha kulala, ambacho tangu nizaliwe hakikujua kufuli, sasa kilifungwa, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kitenge. Pili, wanawake wa mtaa walianza kuja jioni, mmoja mmoja, wakiwa wameficha kitu chini ya nguo. Wanaingia chumbani na mama, wanatoka wakipunga mikono mitupu, na wakinikuta sebuleni wanaanza kuongelea hali ya hewa. Hata Mama Josefina alikuja, yule Mkongomani wa ng'ambo ya mtaro anayeuza ndagala, ambaye hakuwa akisemezana na mama tangu ugomvi wa maji ya samaki kupita mbele ya mlango wetu. Aliingia bila salamu, akatoka bila kwaheri, na mama akamsindikiza mpaka mlangoni bila neno. Niambie wewe, watu wawili wasioongea wana biashara gani chumbani? Tatu, chai. Kila jioni mama alimimina chai ya tangawizi isiyo na sukari, anakunywa bila kukunja uso, anasema, "Tuzoee." Nilikaa nikimwangalia anavyoimeza, nikajiambia hakuna binadamu anayemeza kitu kile hivi, lazima huyu anakunywa nyingine mahali.

Nilichokuja kukiona nilikiona kwa sababu ya simu yangu. Mama alikuwa ameitaifisha, baada ya mimi kutuma kwenye kundi la darasa sauti ya prefe, mwalimu wetu wa nidhamu, akiomba msamaha kwa wanafunzi wote. Prefe hakuwahi kuomba msamaha maishani mwake, sauti ilikuwa yangu. Basi Alhamisi moja mama akiwa anaoga, kitenge kimening'inia kwenye kamba na ufunguo wake pindoni, nikaingia kumtafuta mfungwa wangu. Simu sikuiona. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu vya sherehe, kulikuwa na gunia limefungwa utepe mwekundu. Nilibonyeza kwa kidole, likalia ule mlio wa mchanga mkavu. Nikafungua kidogo, nikaonja. Halafu nikaonja tena, nikasema ni kwa ajili ya uhakika.

Jioni ile alimimina chai kama kawaida. Taa ya sebule yetu ilikuwa dhaifu, uso wake niliuona nusu. Nilimtazama mpaka akaweka kikombe chini.

"Mbona unaniangalia ivo?"

"Chai ni chungu."

"Ni chungu kwetu wote," akasema, akaendelea kunywa.

Ningemwuliza pale pale, mambo yangeisha pale pale. Nimelifikiria sana hili tangu Jumamosi. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa: mama, kile cha chini ya kitanda ni nini? Lakini kumwuliza kungempa nafasi ya kujibu, na mimi nilikuwa nimeshapenda kesi yangu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na tajiri, mhariri aliyezamisha habari, mlango wenye kufuli na gunia. Nilienda kulala nikimwonea huruma Désiré, mwandishi bora, anayefanya kazi chini ya mla rushwa anayenunuliwa kwa kitu cha kutia kwenye chai.

Kesho yake, Ijumaa, kulikuwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu, na mtangazaji alikuwa Désiré. Niliazima simu ya rafiki yangu, nikasimama nyuma ya madarasa.

"Alo. Mi naitwa Muzee Kitoko, wa Jabe." Nikakohoa vizuri. "Kila siku munatuuliza sukari iko wapi. Muulize mukubwa wenu wa habari. Iko chini ya kitanda yake. Analala juu."

Redioni kimya ni kitu kibaya, unasikia mpaka feni. Kisha Désiré akauliza: "Muzee, umeiona na macho yako?"

"Nimeionja."

"Umeionja. Chini ya kitanda ya mama wa watu."

Swali hilo halikuwepo kwenye mazoezi. Nikajificha kwenye kikohozi, nikakohoa kwa muda mrefu, na wakati huo huo nyuma yangu mlinzi akagonga ile rimu ya lori inayotumika kama kengele ya shule. Mji mzima ukasikia mzee wa Jabe akiitwa kwenye hesabu.

Sasa ndilo jambo aliloniambia Désiré arusini. Bosco, yule bwana arusi, alikuwa kwenye mitambo, kidole juu ya kitufe cha kukata simu. Mama alikuwa ametoka jikoni kwake, amesimama nyuma ya kioo. "Bosco anamuangalia, anafanya ivi na macho, nikate?" Désiré aliniambia, huku muziki ukipiga na watu wakimwita arudi kwenye mikrofoni. "Mi nilijua ni we, Rama. Tangu 'alo'. Mama yako ndiye hangejua? Na anatingisha kichwa. Apana. Anasema na mudomo tu, bila sauti: muache amalize."

Mwanamke aliyezamisha habari za watu wazima kwa sababu ya shahidi mmoja, aliliacha lile neno langu lipite, lisilo na shahidi, lenye jina la uongo na kengele ya shule nyuma yake. Kulikata ilikuwa haki yake na kazi yake. Ningekuwa nimemsema mtu mwingine yeyote, angelikata kabla sijafika kwenye kitanda. Lakini lilimhusu yeye, na nadhani pale kwenye kioo alijishuku mwenyewe kwanza: kwamba mkono wake ukikata, hatajua kama ni mkono wa mhariri au wa mtu anayejiokoa. Mpaka Jumamosi nilidhani siku ile hewani nilimshinda. Kumbe nilikuwa naachiwa.

Mchana ule sikuthubutu kupita redioni, na nilipofika nyumbani alikuwepo tayari, katikati ya saa za kazi, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Mkurugenzi wa redio alikuwa amemwambia abaki nyumbani mpaka jambo lieleweke, na ufunguo wa lile jiko akapewa mtu mwingine. Niliyasikia hayo akimweleza jirani yetu, Mama Nasra, dirishani. "Likieleweka vibaya, basi," alisema. "Hakuna redio ingine itachukua mutu wa kuitwa mama wa sukari." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya nyanya. Akanipa kisu cha pili, nikakaa, tukamenya. Nje ya geti watu wawili watatu walishaanza kusimama, wamebeba vikombe, wengine kwa utani, wengine si kwa utani. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Mama akinyamaza unaanza kujishuku hata makosa ambayo hujayafanya.

Jumatatu akampigia mkurugenzi simu mbele yangu. Akamwambia atume mwandishi nyumbani na mikrofoni, na amtume Désiré. Nilisikia mkurugenzi akiuliza kwa nini huyo. "Sababu ndiye ananishuku kuliko wote," mama akajibu. "Wengine watanihurumia."

Désiré alikuja akavua viatu mlangoni, soksi moja imetoboka, akawa hajui aangalie wapi. Mama akafungua chumba. Akamwambia avute gunia mwenyewe, yeye hataligusa. Mimi nilisimama kando ya kabati. Désiré akavuta, utepe mwekundu ukaonekana, akawasha mashine.

"Mama, hii sukari ni ya nani?"

"Usiniulize mi. Mi ndiye mushitakiwa. Uliza wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Toka nje, uite."

Akatoka, na wa kwanza kumkuta ni Mama Nasra, ambaye alikuwa ameshajitanda mtandio mzuri wa kuhojiwa. Akaeleza yote kwa pumzi moja: binti yake Nasra anaolewa, arusi haiwezi kukosa chai, sukari haipatikani, basi wanawake wa mtaa walikubaliana, kila anayebahatika anatoa kikombe, kinawekwa kwa Mama Rama mpaka siku ifike. Na mwenye kuweka ana mwiko, haruhusiwi kuonja hata punje, wala nyumba yake. "Anakunywa chungu juu ya mutoto wangu," akasema, akataka kulia. Désiré akageuka amekunjuka uso, anazima mashine. Mama, akiwa mlangoni, akamzuia.

"Unaenda wapi?"

"Shefu, si imeeleweka?"

"Uyo ni mwenye arusi. Anakula kwangu kila siku. Tafuta wa pili."

"Shefu, mutu wa pili, ata kwa habari yako mwenyewe?"

"Ndiyo maana. Enda kwa ule mwenye hanipendi."

Akavuka mtaro kwa Mama Josefina, nami nikamfuata kwa sababu miguu ilikataa kubaki na mama. Mama Josefina alikuwa anachambua ndagala kwenye ungo na hakuinua kichwa. "Mi na ule mama hatuongeleshane," akasema kwenye mikrofoni. "Alinitukania samaki. Arusi ikiisha, nitaendelea kumunyamazia. Lakini sukari yangu iko mule, na ya Nasra ni ya mutaa yote, na sijasikia ule mama ameilamba." Halafu akainua kichwa, akaniangalia mimi. "Mwenye aliilamba ni uyu. Si alisema mwenyewe ku redio?"

Mtaa mzima ukacheka, maana kumbe mtaa mzima ulikuwa umesimama nyuma yetu. Wote walijua. Walijua tangu kikohozi. Na ndipo nilipoelewa pia kwa nini hakuna aliyeniambia habari za gunia tangu mwanzo: walimshuku mtu mmoja tu nyumbani kwetu, na hawakukosea.

Désiré alipomletea mama maandishi ayapitie, mama akakataa kuyashika, akasema habari hii haipiti jikoni kwake. Neno moja tu aliomba. Désiré alikuwa ameandika jina langu na shule yangu, na mama akasema, "Uyo hatumutaje. Ni mutoto, na ni mwenye alituletea habari. Ata kama mutaa yote inamujua." Jioni tulisikiliza pamoja, mimi na yeye, redio juu ya meza kati yetu. Désiré akasoma "msikilizaji mmoja aliyejiita mzee wa Jabe", na alipokosea akasema magunia badala ya gunia, mama akaruka kitini kama aliyechomwa sindano, mkono ukaenda kwenye simu, akajizuia, akaukalia.

Siku ya arusi ya Nasra chai ilikuwa tamu mpaka meno yakauma, na mama alikunywa vikombe ambavyo sikuvihesabu. Ile habari ya Mzee Sudi, mpaka Désiré anahama redio, ilikuwa bado kwenye sinki ikisubiri mtu wake wa pili. Alienda Jabe mara nyingi, akakuta stoo ina magunia matupu, na magunia matupu hayamwambii mtu yalijazwa nini. "Mi bado namushuku," aliniambia Jumamosi, kabla ya kurudi kwenye mikrofoni kuita keki. Mzee Sudi bado anakuja kwetu Ijumaa. Ana fimbo na kofia. Na mimi namwangalia mikono.

Mama aliitwa kazini wiki ile ile ya habari yake, kabla ya arusi. Asubuhi ya kurudi alikaa mezani amevaa gauni la kazi, anafunga kilemba bila kioo, chai yake mbele yake, ya tangawizi, chungu bado, kwa sababu sukari yote ilikuwa ikisubiri arusi ya Nasra. Nilikuwa na sare ya shule na uso wa mtu anayengoja hukumu tangu Ijumaa. Alimaliza kilemba. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa simu yangu, ile ambayo niliitafuta chini ya kitanda, akaiweka mezani karibu na kikombe changu, akaisukuma kwa kidole mpaka ikanifikia.

"Siku ingine ukisikia kitu juu ya mutu," akasema, "mbele ya kumusema, unamupigia kwanza, ajibu. Namba yangu iko mule."